Njiti alishwe lini? Jibu ni siku ya kwanza, ila mama yuko wodi nyingine

KATIKA hospitali nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayezaliwa na gramu 1,200 hachukui dakika nyingi mikononi mwa mkunga. Hufunikwa, hukimbizwa wodi ya watoto wachanga, huwekewa oksijeni na dripu. Mama hubaki alipo. Kama amejifungua kwa upasuaji, huenda asimwone mtoto wake hadi kesho yake au kesho kutwa. Anayezunguka kati ya wodi hizo mbili ni bibi, shangazi au baba, na ndiye anayekutana na swali ambalo hakulitarajia kutoka kwa muuguzi: maziwa ya mama yako wapi?

Ndugu wengi hushangaa. Mtoto mwenyewe anatosha kiganjani, hajui kunyonya, kupumua kwenyewe ni kazi. Maziwa ya nini saa hizi? Si ndugu tu waliofikiri hivyo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita madaktari bingwa wa Ulaya na Marekani nao waliamini kwamba mtoto wa namna hii apumzishwe tumbo kwanza, siku mbili, tatu, hata wiki. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini tafiti za miaka ya karibuni zimeisogeza saa ya kuanza nyuma, hatua kwa hatua, hadi siku ile ile ya kuzaliwa.

Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mapendekezo mapya ya kuwahudumia watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Kuhusu chakula, maneno yake hayana kona: walishwe mapema iwezekanavyo kuanzia siku ya kwanza, wakiwemo wale waliozaliwa kabla ya wiki 32 za mimba au wenye uzito chini ya kilo moja na nusu. Anayeweza kunyonya awekwe kwenye titi. Asiyeweza apewe maziwa yaliyokamuliwa na mama yake mara yanapopatikana.

Kitabuni swali limejibiwa. Kwenye wodi bado, na sababu inaanzia kwenye ukuta ulio kati ya kitanda cha mama na kitanda cha mtoto.

Akiba ya siku nne

Njiti ni mtoto yeyote aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Mwaka 2020 walizaliwa takriban milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja kati ya kila watoto 10. Wengi wao wamekosa wiki chache tu na hukua vizuri wakipata joto na titi. Wanaozaliwa kabla ya wiki 32 ni kama asilimia 15 ya njiti wote, na hao ndio wanaojaza vitabu vya vifo vya wodi za watoto wachanga.

Mtoto hujiwekea mafuta mwilini katika miezi ya mwisho ya mimba. Aliyezaliwa mapema sana hajafika huko. Hesabu inayofundishwa vyuoni kwa miaka mingi inasema mtoto wa kilo moja ana akiba ya nguvu ya kumfikisha kama siku nne tu asipolishwa chochote, wakati mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kufika karibu mwezi. Hakuna anayejaribu kuithibitisha hesabu hiyo kwa vitendo, lakini kila muuguzi wa wodi hii anaielewa.

Kwenye hospitali kubwa za nchi tajiri, pengo hilo huzibwa na chakula kamili kinachopitishwa kwenye mshipa: sukari, protini, mafuta, vitamini na madini, vyote katika mchanganyiko unaoandaliwa kwa usafi wa hali ya juu. Daktari wa huko akiamua kusubiri siku tano kabla ya kutoa maziwa, mtoto wake hajalala njaa.

Hospitali nyingi za wilaya katika ukanda huu hazina chakula hicho cha mshipa. Zina dripu ya sukari ya asilimia 10. Mtoto wa gramu 1,200 akipewa mililita 80 kwa kila kilo ya uzito katika siku yake ya kwanza, anapata karibu mililita 96, na ndani yake kalori zisizofika 35. Mahitaji yake akishaanza kukua ni kalori 110 au zaidi kwa kila kilo. Kwa hiyo dripu inampa kama robo tu, na haina protini hata chembe. Inamlinda asishuke sukari ghafla. Haimkuzi.

Hapo ndipo neno "tusubiri" linapobadilika maana. London, kusubiri ni kubadilisha mlango wa chakula kutoka tumboni kwenda mshipani. Kwenye hospitali ya wilaya isiyo na chakula cha mshipa, kusubiri ni njaa.

Hofu ilitoka wapi

Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Paris hawakusubiri. Stéphane Tarnier na mwanafunzi wake Pierre Budin waliwaweka njiti kwenye masanduku ya joto na kuwapa maziwa kwa mpira mwembamba uliopita mdomoni hadi tumboni. Budin, aliyechapisha mihadhara yake mwaka 1900, alisisitiza maziwa ya binadamu na alitaka mama awe karibu, kwa kuwa aliona wanaotenganishwa na watoto wao huwapoteza hata kabla hawajafa.

Miaka ya 1940 na 1950 upepo ukageuka. Watoto kadhaa walikuwa wakipaliwa na maziwa, yakaingia mapafuni, wakafa. Ikawa kawaida kwa hospitali za Ulaya na Marekani kumwacha njiti bila maziwa wala maji kwa saa 24, 48, wakati mwingine 72. Vifo vya kupaliwa vilipungua kweli. Yakaja mengine: sukari kushuka, manjano kupanda, maji kukauka mwilini, na baadaye watoto waliokua na miguu iliyokakamaa. Mwaka 1964 madaktari wawili wanawake wa Oxford, Victoria Smallpeice na Pamela Davies, walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya kuwalisha njiti mara tu baada ya kuzaliwa kwa maziwa ya mama yasiyochanganywa na maji. Watoto walivumilia. Saa za kufunga zikaanza kupungua.

Kisha ikaja hofu ya pili, na hii ndiyo inayoishi hadi leo. Kadiri mashine zilivyowaokoa watoto wadogo zaidi, ndivyo ulivyojitokeza ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, ambao madaktari huuita kwa kifupi NEC. Tumbo huvimba na kung'aa, mtoto hutapika kijani, choo huja na damu, na utumbo unaweza kutoboka. Unaua haraka. Kwa kuwa watoto wengi waliougua walikuwa tayari wameanza kulishwa, maziwa yakawa mshukiwa wa kwanza. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliandika kwamba kuchelewesha chakula na kukiongeza polepole mno kunauzuia ugonjwa huo. Utaratibu wao ukasambaa duniani, ukaingia kwenye vitabu, na kutoka huko ukafika kwenye wodi zetu bila ile dripu ya chakula kamili iliyokuwa ikiusindikiza.

Ilichukua miaka zaidi ya 30 kuupima vizuri. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 2012, uliohusisha watoto 404 wa Uingereza na Ireland waliodumaa tumboni, nusu walianza maziwa siku ya pili na nusu siku ya sita. Waliowahi walifikia kipimo kamili cha maziwa siku ya 18, wenzao siku ya 21, na ugonjwa wa utumbo haukuongezeka kwa waliowahi. Mwaka 2022 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 14 zenye watoto 1,551. Hitimisho lao ni kwamba kuchelewesha kupita siku ya nne huenda hakupunguzi ugonjwa huo wala vifo. Huenda kunapunguza kidogo usumbufu wa tumbo. Kwa upande mwingine, pengine kunaongeza kidogo maambukizi kwenye damu.

Hilo la maambukizi halishangazi. Kila siku ambayo mtoto anategemea dripu ni siku nyingine ya sindano kwenye ngozi nyembamba kama karatasi, na kila sindano ni mlango wa vijidudu. Utumbo nao usipopata kazi husinyaa, kuta zake hulegea, na vijidudu hupenya kutoka ndani. Matone machache ya maziwa hayamshibishi mtoto siku ya kwanza. Yanauamsha utumbo.

Mililita moja, mbili

Wazazi wengi hufikiri kulisha ni chupa. Kwa mtoto huyu wa gramu 1,200, siku ya kwanza huanza na mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, yaani 12 hadi 24 kwa siku nzima. Ukigawa kila baada ya saa mbili unapata mililita moja au mbili kwa mlo. Kijiko cha chai hubeba tano.

Mlo huo huingia kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni, kwa sababu mtoto wa umri huu bado hajui kupanga kunyonya, kumeza na kupumua bila kimoja kukigonga kingine. Ustadi huo huja kati ya wiki ya 32 na 34. Muuguzi huunganisha bomba la sindano lisilo na sindano, hulishika juu na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe kwa uzito wake. Hayasukumwi.

Baada ya hapo swali linageuka kuwa kasi. WHO inaruhusu kuongeza hadi mililita 30 kwa kila kilo kwa siku. Nyuma ya namba hiyo kuna utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotangazwa 2019, wenye watoto 2,804 waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo moja na nusu. Kundi moja liliongezewa mililita 30, lingine 18. Wa kwanza walifikia maziwa kamili kwa siku saba, wa pili kwa siku 10. Ugonjwa wa utumbo uliwapata asilimia 5.0 na asilimia 5.6. Walipofikisha miaka miwili, idadi ya waliokuwa hai bila ulemavu mkubwa au wa kati haikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika, ingawa matatizo ya viungo yalionekana kidogo zaidi kwa walioharakishwa, jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulitarajia.

Siku tatu zinaweza kuonekana kidogo kwa anayesoma. Kwenye wodi ni siku tatu za dripu, za dawa, za kitanda kilichojaa, na za nauli ya baba.

Kuwahi hakumaanishi kufumba macho. Mtoto aliye katika mshtuko, ambaye damu haifiki vizuri kwenye viungo, au mwenye hitilafu ya utumbo ya kuzaliwa nayo, hasukumiwi maziwa kwa sababu mwongozo umesema siku ya kwanza. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, maziwa husimamishwa na daktari huitwa. Lakini mabaki kidogo ya maziwa kwenye mpira, au kushindwa mlo mmoja, si sababu ya kufunga siku mbili. Wauguzi wazoefu wanaijua tofauti hiyo. Tatizo ni kwamba muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anaweza kuwa na watoto 20 mbele yake, na mlo wa kila baada ya saa mbili kwa watoto 20 ni milo 240 kwa siku.

Hapo ndipo mama anapohitajika, na si kwa maziwa peke yake.

Muhimbili na kitanda cha pili

Mwaka uleule wa 1978 ambao Marekani ilikuwa ikiandika juu ya kuchelewesha chakula, daktari Edgar Rey wa Bogotá, Colombia, alikuwa na tatizo la kimaskini: njiti wengi, masanduku ya joto machache, na watoto wawili au watatu ndani ya sanduku moja wakiambukizana. Akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima, kwa kitambaa. Dunia imeupa utaratibu huo jina la kangaruu, mnyama ambaye Colombia hayupo.

Kwa miongo minne huduma ya kangaruu ilitolewa kwa masharti: kwanza mtoto atulie, apumue vizuri, atoke kwenye dripu, ndipo apelekwe kwa mama. Kwa mtoto mdogo sana kutulia kunaweza kuchukua siku kadhaa, na vifo vingi hutokea siku hizo hizo.

Kati ya 2017 na 2020 hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zilijaribu kugeuza mpangilio huo, chini ya uratibu wa WHO. Ya Tanzania ilikuwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo moja hadi gramu 1,799 waligawanywa kwa kura. Nusu walihudumiwa kama kawaida. Nusu waliwekwa kifuani kwa mama, au kwa ndugu aliyemwakilisha, mara tu baada ya kuzaliwa, ndani ya chumba cha uangalizi maalumu chenye kitanda cha mama kando ya vifaa vya mtoto. Oksijeni na dripu viliendelea mtoto akiwa kifuani. Wastani wa kukaa ngozi kwa ngozi katika chumba hicho ulikuwa karibu saa 17 kwa siku, dhidi ya saa moja na nusu kwa kundi la kawaida.

Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 kwa waliokaa na mama na asilimia 15.7 kwa waliotengwa. Maambukizi na baridi ya mwili vilipungua pia. Wasimamizi waliona tofauti hiyo wakausimamisha utafiti kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Matokeo yalichapishwa Mei 2021.

Ikumbukwe kwamba utafiti huo haukupima saa ya kuanza maziwa, na idadi ya waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee mwishoni mwa mwezi ilikaribiana katika makundi yote mawili. Alichokionyesha mama wa Muhimbili ni kwamba anaweza kuwa ndani ya chumba ambacho milango yake ilifungwa kwa ajili yake, na mtoto akafaidika. Akiwa humo, maziwa hayahitaji mjumbe. Hukamuliwa pale pale, huingia kwenye mpira yakiwa na joto lake, na saa nane usiku kuna mtu macho.

Gharama yake ni nafasi. Chumba cha watoto 20 kilichojengwa kwa masanduku ya joto hakitoshi vitanda 20 vya watu wazima, vyoo vyao, bafu na chakula chao. Inabidi pia wakunga na madaktari wa kina mama wakubali kumhudumia mzazi mwenye kidonda cha upasuaji ndani ya eneo la idara nyingine. Wanaojua siasa za hospitali wanasema hilo la pili ni gumu kuliko kujenga.

Miradi ya vifaa imekuja. Kenya na Tanzania zimo, pamoja na Malawi na Nigeria, katika mpango wa NEST360 ulioanza 2019 wa kupeleka mashine za kusaidia kupumua, za joto na za mwanga wa kutibu manjano, na kuwafundisha mafundi wa kuzitengeneza. Mashine huonekana na huzinduliwa kwa utepe. Kitanda cha mama hakina utepe.

Dang'a na maneno ya wakubwa

Maziwa ya kwanza, dang'a, ni mazito, ya njano na machache. Siku ya kwanza mama anaweza kukamua matone tu na kuambiwa na walio karibu kwamba hana maziwa. Kwa mtoto anayehitaji mililita moja, matone hayo ni mlo mzima. Yamejaa kinga, na ndiyo maana baadhi ya wauguzi hupaka hata kilichobaki ndani ya mashavu ya mtoto.

Kukamua kunatakiwa kuanze ndani ya saa ya kwanza au saa chache baada ya kujifungua, na kurudiwa mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Mkono unatosha, na kwa dang'a ni bora kuliko mashine, kwa kuwa matone machache huishia kwenye kuta za mashine. Mama anayesubiri hadi siku ya tatu, titi lijae lenyewe, huwa ameshapoteza siku ambazo mwili ulikuwa ukijipanga kutengeneza maziwa mengi. Hili huwapata zaidi waliofanyiwa upasuaji na waliopata kifafa cha mimba, ambao ndio hasa huzaa njiti. Hakuna anayewaambia wakamue, kwa sababu mtoto hayupo mbele yao kulia.

Bibi naye ana yake. Kuna anayeona dang'a ni chafu na huimwaga. Kuna anayekuja na maji ya sukari, maji ya moto yaliyopozwa, au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa. Kwa mtoto wa miezi tisa desturi hizo ni hatari ya kawaida. Kwa wa miezi saba ni sumu. Lakini bibi huyo huyo akifundishwa ndiye mkono wa pili wa kukamua, na ndiye kifua cha kubeba mtoto mama anapokwenda kuoga. Wodi zinazomfukuza getini zinajinyima.

Pale mama asipokuwepo

Kuna mama aliyefariki, aliye mahututi, au aliyebaki hospitali ya wilaya baada ya mtoto kupewa rufaa. WHO inaelekeza maziwa ya mama mwingine kabla ya maziwa ya kopo. Sababu ni utumbo ule ule: utafiti wa Uingereza wa 1990, wenye njiti 926, ulionyesha kwamba waliolishwa maziwa ya kopo pekee waliugua kuoza kwa utumbo mara sita hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya binadamu pekee. Swali la lini haliwezi kutenganishwa na la maziwa gani.

Machi 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1926 na inayojulikana kwa wingi wa wazazi wake, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya binadamu nchini Kenya. Mama mwenye ziada hupimwa maradhi yanayoambukiza, Virusi vya Ukimwi vikiwemo, hukamua, na maziwa hupashwa hadi nyuzi 62.5 kwa dakika 30 kuua vijidudu, kisha hugandishwa. Njiti asiye na maziwa ya mama hupewa kwa agizo la daktari.

Wazo hilo likielekea pwani linakutana na jambo zito. Kwa Waislamu wa Mombasa, Zanzibar, Comoro na ndugu zao walioko Oman, waliolishwa na mwanamke mmoja ni ndugu wa kunyonya na hawaoani. Benki inayochanganya maziwa ya wanawake wasiojulikana inamfanya mzazi ajiulize mwanawe atamwoa dada yake bila kujua. Wanazuoni hawakubaliani. Baraza la fikihi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1985, lilikataza kuanzishwa kwa benki hizo katika nchi za Kiislamu. Baraza la fatwa la Ulaya mwaka 2004 liliruhusu maziwa yake kwa njiti wenye haja. Kuna njia ya kati ambayo haihitaji mashine: mama mmoja anayefahamika, mtoto mmoja, majina ya familia mbili yakaandikwa na kila upande ukabaki na nakala. Hospitali ya pwani inayotaka kuanza ingefanya vyema kukaa na masheikh kabla ya kununua friji.

Kwa mama anayeishi na VVU, miongozo ya nchi za ukanda huu inamruhusu kunyonyesha akiwa kwenye dawa. Bado wapo wanaokuja wodini wakiwa wameambiwa mtaani kwamba maziwa yao hayafai, na mtoto hufunga siku nzima wakati jambo hilo likinong'onwa.

Mwezi mzima wodini

Mtoto wa wiki 29 anaweza kukaa hospitali wiki nne hadi nane. Kumtaka mama awepo siku ya kwanza ni pia kumtaka awepo siku ya 40, akamue mara nane, alale kwenye kiti au kwenye kanga sakafuni, ale kinachouzwa getini. Tanzania imegusa sehemu ya hilo: marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025 yanamwongezea muda wa likizo mwajiriwa aliyejifungua njiti, ili miezi mitatu yake isiishie wodini.

Sheria hiyo inamfikia mwenye mkataba wa ajira. Mama anayeuza ndizi Kariakoo, anayelima mtama Dodoma, au aliyevuka mpaka kutoka Burundi kujifungulia Kigoma hana likizo ya kuongezewa. Huyo huhesabu siku kwa mtaji unaopungua na watoto wengine walioachwa kwa jirani. Ikifika wiki ya pili huomba ruhusa aende nyumbani siku moja tu, na hapo muuguzi wa zamu humwuliza kama ameacha maziwa ya usiku kwenye friji.